Anthropolojia ya wenyeji ni nini?

Ndani ya Makumbusho ya Kisumu kuna boma zima la Kijaluo linaloitwa Ber-gi-Dala. Nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, inatazamana na lango moja kwa moja. Ya nyachira, mke wa pili, iko pembeni, na simba, yaani nyumba ya kijana wa kiume, iko chini karibu na lango. Mgeni anaweza kupima umbali kati ya nyumba hizo, achore ramani, aondoke na maelezo yasiyo na kosa. Lakini aliyelelewa katika boma kama hilo huwa na maswali mengine kabisa. Mdogo akiwa na pesa, naye kaka yake hana, anaruhusiwa kujenga kwanza? Binti akifa kabla ya kuolewa, anazikwa upande gani wa ua? Mtu aliyejenga nyumba ya mawe Nairobi na hana hata kibanda huku nyumbani, kwao ni wapi?

Anthropolojia ni taaluma inayochunguza binadamu: ukoo wake, ndoa, dini, mazishi, hata mifupa na misuli yake. Kwa miaka mingi ilikuwa kazi ya Mzungu aliyefika, akakaa na mkalimani wake kwa muda, kisha akarudi kwao kuandika. Hapa magharibi mwa Kenya, Mjerumani Günter Wagner aliandika juu ya Waluhya wakati nchi yao ikiitwa Kavirondo ya Kaskazini, naye Mwingereza E. E. Evans-Pritchard alipita kwa Wajaluo mwaka 1936. Anthropolojia ya wenyeji ni taaluma hiyohiyo ikiwa mikononi mwa yule aliyekuwa akichunguzwa. Anakuja na maswali yake, na pia na maelezo yake ya kwa nini mambo yako jinsi yalivyo.

Sehemu hiyo ya pili ndiyo ngumu, na ndiyo watu husahau. Mwaka 1970 Delmos Jones, mwanaanthropolojia Mweusi wa Marekani, aliandika makala akisema kwamba anthropolojia ya wenyeji bado haipo. Wenyeji waliofunzwa taaluma walikuwepo, lakini walithaminiwa kama wakusanyaji tu: wanajua lugha, watu hawawaogopi, wanapata habari ambazo mgeni hazipati. Nadharia ya kuzieleza habari hizo ilibaki kutengenezwa kwingine. Mtu wa Kisumu hahitaji kuelezwa zaidi. Kaunti za Kisumu na Siaya zimejaa miradi ya utafiti, hasa ya malaria na Ukimwi, na kila asubuhi utaona vijana wenye vitambulisho shingoni wakiingia mitaa ya Manyatta au Nyalenda na tableti, nyumba baada ya nyumba. Bila wao utafiti unakwama siku hiyohiyo. Lakini ni wangapi kati yao huulizwa swali lenyewe lilifaa kuulizwa vipi? Hilo ndilo pengo alilolitaja Jones, na naona halijazibika.

Kazi ya kuliziba ilianza zamani. Mwaka 1885, wakati Ulaya ilipokuwa ikigawana Afrika mezani, Anténor Firmin wa Haiti alichapisha kitabu kizima kuthibitisha usawa wa binadamu, huku naye akiwa mwanachama wa Chama cha Anthropolojia cha Paris, ambako wenzake walipima mafuvu ili kuthibitisha kinyume chake. Baadaye akaja William Montague Cobb, daktari aliyepata shahada ya uzamivu mwaka 1932, Mmarekani Mweusi wa kwanza kufikia hapo katika anthropolojia ya mwili.

Cobb anatuhusu sana sisi tunaoishi jirani na Nandi na Iten, nyumbani kwa wakimbiaji. Mkimbiaji Mmarekani Mweusi Jesse Owens alipoanza kuvunja rekodi, watu walisema ni maumbile: Mweusi ana kisigino kirefu na shavu la mguu la namna yake. Cobb alimchukua Owens, akampima miguu, akampiga picha za eksirei. Lile umbo lililodaiwa kuwa la Mweusi, Owens hakuwa nalo. Cobb akawatazama na mabingwa wengine Weusi, na katika makala yake ya 1936 akaonyesha kwamba hakuna alama hata moja ya mwili waliyoshiriki wote ambayo ingeeleza ushindi wao kwa rangi. Alitaja mazoezi na bidii. Bado leo, mkimbiaji wetu akishinda marathoni ughaibuni, kuna anayesema ni damu, na mara nyingi msemaji ni Mkenya mwenzetu. Saa kumi na moja alfajiri barabarani, na baridi ile ya Kaptagat, havitajwi.

Zora Neale Hurston, mwandishi na mwanaanthropolojia Mweusi wa Marekani, alionyesha upande mwingine. Alikulia Eatonville, Florida, mji wa watu Weusi watupu, akasoma Barnard College huko New York chini ya mwanaanthropolojia Franz Boas. Mwaka 1927 alirudi kusini kukusanya ngano za watu wake, na safari hiyo haikuzaa kitu cha maana. Aliuliza kwa lafudhi ya chuo, nao wakamjibu kwa adabu kwamba hadithi hizo hawazijui, labda ajaribu kwingine. Alipofika baadaye kwenye kambi ya wakata mbao katika Polk County, walimkwepa vilevile. Alikuwa na gari la Chevrolet, na gauni lake lilikuwa la dola 12.74 huku wanawake wa pale wakivaa ya dola 1.98. Walimdhania askari kanzu. Akawaambia kwamba yeye mwenyewe anatafutwa na serikali kwa kuuza pombe ya magendo. Gari likapata maelezo, akaimba nao, na ngano zikaanza kumiminika. Katika kitabu chake cha 1935 aliziandika pamoja na aliyezisimulia, waliomkatiza na ugomvi uliozuka katikati, na kwa hilo alitangulia wenzake wengi.

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Maseno anayeingia kijijini Seme na dodoso lake anakijua kizuizi hicho. Kabla hajauliza chochote, mzee anamuuliza yeye: “Nyathina (mwanangu), wewe ni binti wa nani?” Akishajibu, amepata mlango na pia amepata mipaka. Ikiwa mzee huyo ni mtu ambaye ukoo wake umeoa kwao, kuna mambo hatayauliza kwa mdomo wake, hata kama yameandikwa kwenye karatasi.

Kisumu ina mtu wake katika historia hii. Okot p'Bitek, Mwacholi kutoka Uganda, alikwenda Uingereza mwaka 1956 na timu ya taifa ya kandanda, akabaki kusoma, na kufikia 1960 alikuwa Oxford akisomea anthropolojia katika taasisi iliyoongozwa na Evans-Pritchard huyohuyo. Katika mhadhara wa kwanza alisikia watu wake wakiitwa washenzi, akapinga, asisikilizwe. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alikuwa hapa Kisumu akisimamia masomo ya nje ya chuo kikuu, akaandaa tamasha la sanaa la mji mwaka 1968. Muda mfupi baadaye akatoa kitabu chake kikali kuhusu wataalamu wa Magharibi na dini za Kiafrika. Hoja yake ni kwamba wataalamu hao walikuwa na vita vyao wenyewe juu ya Mungu, na miungu yetu waliikodi kama askari. Naamini hakuna hoja iliyokata zaidi ya hiyo katika uwanja huu wote.

Baada ya ukosoaji ilihitajika kazi ya kujenga, na hapo ndipo alipo A. B. C. Ocholla-Ayayo, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Kitabu chake cha 1976 kuhusu itikadi ya jadi na maadili ya Wajaluo wa Kusini kinaichukulia miiko, na chira, laana inayompata anayeivunja, kama mfumo wa maadili wenye mantiki yake. Hicho ndicho Jones alichokuwa akikidai.

Mwenyeji naye haongei kwa niaba ya wenyeji wote. Wakili S. M. Otieno alipofariki Desemba 1986, ukoo wake wa Umira Kager ulitaka azikwe Nyalgunga, Siaya, naye mjane wake Wambui alitaka azikwe karibu na Nairobi. Mahakamani kila upande ulileta mashahidi wa mila, akiwemo mwanafalsafa Henry Odera Oruka. Ukoo ulishinda, na mazishi yakafanyika Siaya Mei 1987. Miaka mitano baadaye E. S. Atieno Odhiambo, mwanahistoria wa Siaya, alichapisha pamoja na David William Cohen kitabu kuhusu kesi hiyo. Badala ya kuamua nani alikuwa sahihi, walifuatilia jinsi mila ilivyokuwa ikitengenezwa upya pale kizimbani, shahidi baada ya shahidi.