Je, wajua kwa nini Mfalme wa Japani hakuweza kusema tu "nataka kustaafu"?

Mtu akizeeka kazini si anaandika barua anaondoka? Mimi ndo nilivyodhani kuhusu Mfalme Akihito, niliposikia mwaka 2016 ametoa hotuba kwenye TV nikaamini katangaza kujiuzulu, na nikawa nawahadithia watu hivyo hivyo miaka kadhaa. Sivyo kabisa. Ile hotuba ya tarehe 8 Agosti 2016, iliyorekodiwa, ya dakika kama 11, neno kujiuzulu halimo. Mzee alikuwa na miaka 82, alishafanyiwa upasuaji wa moyo, akasema anaona mwili unachoka na anahofia huko mbele hataweza kuifanya kazi yake kwa moyo wote kama alivyozoea. Na alianza kabisa kwa kusema kwamba kwa nafasi yake hapaswi kuuzungumzia mfumo wa ufalme wenyewe.

Wengi tunadhani alizunguka vile kwa sababu ya ile adabu ya Kijapani ya kutosema mambo wazi. Hapana, shida ilikuwa ya kisheria. Sheria ya ukoo wa kifalme ya 1947 inajua njia moja tu ya kiti kwenda kwa mrithi, nayo ni Mfalme kufariki. Akitaka kuondoka akiwa hai lazima Bunge litunge sheria, sasa yeye akiliomba Bunge litunge sheria ashaingia kwenye siasa, na kifungu cha 4 cha katiba kinasema hana mamlaka yoyote ya kiserikali. Yaani mlango upo ila yeye ndo mtu pekee asiyeruhusiwa kuomba ufunguliwe.

Ili uelewe, mfikirie shehe anayefungisha ndoa. Hachagui bibi harusi, hapangi mahari, hayo familia zilishamaliza, lakini siku ikifika wote wanamsubiri yeye. Mfalme ndo hivyo: Bunge linachagua waziri mkuu, yeye anamteua, Bunge linapitisha sheria, yeye anaitangaza. Ila shehe akiona kuna kasoro anaweza kugoma, Mfalme hana nafasi hiyo, kila tendo lake la kiserikali lazima libebwe na ushauri na kibali cha baraza la mawaziri. Kwa hiyo labda bendera ni mfano mzuri zaidi, maana katiba yenyewe inamwita alama ya taifa na ya umoja wa watu, na bendera haijishushi mlingotini.

Msidhani basi anakaa bure. Karatasi za serikali kama elfu moja kwa mwaka zinapita mezani kwake, anaandika jina kwa brashi, na zile nzito zinagongwa mhuri wa dhahabu uliotengenezwa 1874 wenye uzito wa kilo 3 na nusu hivi! Mabalozi wapya wanampelekea hati zao kasrini, wengi wakichagua kwenda kwa gari la farasi katikati ya Tokyo. Halafu kuna shamba la mpunga humo humo kasrini, analipanda na kulivuna kwa mkono.

Ila kazi iliyomchosha Akihito haimo kwenye orodha ya katiba. Mwaka 1991 mlima Unzen ulipolipuka, yeye na Malkia Michiko walienda kwa waliokimbia makazi, wakapiga magoti sakafuni kuongea nao uso kwa uso, jambo lililowashtua wengi wakati ule. Wakaendelea hivyo kila likitokea tetemeko au tsunami. Mpaka leo wapo wataalamu wa sheria wanaobishana ziara kama hizo ziitwe kazi ya aina gani. Kwake lakini ndo ilikuwa maana ya kuwa alama, unaenda mwenyewe, na ndo maana kwenye hotuba alieleza kwamba hata akiwekewa wa kumkaimu haisaidii, atabaki Mfalme asiyeweza kufanya kazi ya Mfalme.

Wananchi walimwelewa. Juni 2017 Bunge likapitisha sheria ya kumruhusu, tarehe 30 Aprili 2019 akang'atuka, wa kwanza tangu 1817, na kesho yake mwanawe Naruhito akashika. Lakini sheria ile ilikuwa ya Akihito peke yake. Naruhito, aliyezaliwa 1960, naye akichoka siku moja, itabidi Bunge likae upya, na yeye pia hataruhusiwa kuliomba.