Wadudu wa majini wanaoliwa: kungu ni nini, wana lishe gani na hatari yake iko wapi

Ukitaja wadudu wa kuliwa wengi wanawaza senene wa Bukoba au kumbikumbi wakati wa mvua, na hao wote ni wa nchi kavu. Wadudu wa majini ni wale ambao mayai yao yanatagwa majini na watoto wanakulia humo humo, ziwani au mtoni, hata kama wakishakomaa wanaota mabawa na kuruka zao. Thailand wanamtwanga mdudu mmoja mkubwa anaitwa maeng da kwenye pilipili, Meksiko wanakula mayai ya wadudu wa ziwani yanaitwa ahuautle, Japani kwenye mto Tenryu wanaokota mabuu chini ya mawe wanayapika na sosi ya soya na sukari. Ila sisi tuna wa kwetu, kungu wa Ziwa Nyasa, vijidudu vinavyofanana na mbu, na Ziwa Victoria nako wapo ndugu zake.

Kungu ukiwaona kwa mbali unaweza kudhani ziwa linawaka, nguzo za moshi mweusi zinapanda juu kabisa kumbe ni mamilioni ya vijidudu vimetoka majini kwa pamoja kuja kupandana, na hawang'ati kabisa. Upepo ukiwaleta pwani watu wanatoka na masufuria au vikapu vimepakwa mafuta au maji, wanavizungusha hewani, wadudu wananata, halafu wanakandamizwa vizuri wanafanywa mkate au kababu, unakaangwa au unaanikwa. David Livingstone aliukuta mkate huu kwenye safari yake ya Nyasa mwaka 1861 akauonja, kwenye kitabu chake cha 1865 akaufananisha na mayai ya samaki na nzige wa chumvi. Yaani sio chakula cha njaa kilichobuniwa juzi.

Sasa lishe. Wadudu wengi wakikaushwa protini inakuwa kati ya asilimia 40 na 70, lakini hapo kuwa makini kidogo, kwa sababu maabara mara nyingi wanapima naitrojeni halafu wanakadiria protini, na ganda la mdudu lina naitrojeni yake ambayo mwili hauitumii kama protini, kwa hiyo namba inapanda kuliko ukweli. Hata ukipunguza bado ni nzuri sana, na kuna chuma na zinki ambazo watoto wetu wengi wanazikosa. Kitu kinachowatofautisha hawa wa majini na senene ni mafuta, kwa sababu mlolongo wa chakula chao unaanzia kwenye mwani, wanakuwa na omega-3, yaani mafuta mazuri kwa mwili, za aina ile ile tunayoifuata kwenye samaki. Na dagaa wenyewe wanakula mabuu ya hawa wadudu, kwa hiyo ukila dagaa tayari uko kwenye mlolongo huo.

Usalama ndio pa kukaa kidogo maana hapa watu wanachanganya. Moto unaua vimelea, na ni lazima, kwa sababu wadudu wa aina hii wameshakutwa na bakteria wa kipindupindu, hasa kwenye mayai yao, kwa hiyo kula wabichi au walioanikwa tu juani hapana. Lakini moto hauondoi zebaki wala risasi, ukipika kilo ya wadudu wenye metali unabaki na metali ile ile kwenye chakula kilichopungua maji. Sumu za mwani wa kijani unaotanda kwenye ghuba za Victoria nazo kuchemsha hakuziondoi. Na ile nguzo ya moshi sio mdudu mmoja, mara nyingi ni mchanganyiko, wapo ambao utoto wao waliogelea kwenye maji ya wazi na wapo waliokulia ndani ya tope, na tope ndiko zebaki ya wachimbaji wadogo wa dhahabu na uchafu wa miji unakotulia. Ndio maana mimi swali langu la kwanza sio wamepikwaje, ni wametoka maji gani, karibu na mji na mgodi au mbali.

Halafu mzio. Kama kamba au kaa wanakuvimbisha midomo basi kungu pia waache kabisa, kuna protini inafanana kati yao na kupika hakuiharibu vya kutosha. Kuna hadi watu wanaopata pumu kwa kuvuta tu vumbi la wadudu hawa, Sudan kando ya Nile hilo tatizo linajulikana miaka mingi, kwa hiyo mwenye pumu asikae kwenye wingu lao kuwakusanya.

Ulaya tangu 2021 wameruhusu wadudu wanne tu kama chakula kipya na wote ni wa nchi kavu, wa majini hayumo hata mmoja. Kwetu wanaliwa miaka yote, kwa hiyo kuwapima metali ziwa kwa ziwa ni kazi yetu na ningependa kuona inafanyika kabla hatujaanza kuwauza kwenye pakiti kama unga wa uji wa watoto.