Lubumbashi ya zamani: tunayoambiana na yaliyotokea

"Jina Lubumbashi lilianza mwaka 1966." Mwaka huo mji wetu huu wa Katanga, kusini mwa Kongo, uliachana na jina la Élisabethville, yaani jina la malkia wa Ubelgiji. Lakini Lubumbashi ni mto, na ulikuwa ukipita hapa kabla ya mitaa iliyonyooka ya mwaka 1910. Hata kiwanda cha Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya madini, kilichotoa shaba yake ya kwanza mwaka 1911 kiliitwa kwa jina la mto huo.

"Shaba iligunduliwa na Wazungu." Wahenga wetu waliiyeyusha karne nyingi kabla yao, wakaimimina kwa umbo la msalaba. Misalaba hiyo ilitolewa hata mahari.

"Reli yetu ya kwanza ilitokea upande wa Kongo." Ilitoka kusini, Rhodesia, mwaka 1910, na makaa ya tanuru yaliletwa kutoka Wankie, machimbo ya huko huko Rhodesia. Njia ya kwenda Ilebo, bandari ya mto Kasai ndani ya Kongo, ilikuja mwaka 1928.

Dhana inayoniuma ni hii ya nne: "Enzi za Union Minière mfanyakazi alishiba, hakuwa na la kulalamikia." Nyumbani tunalo kopo la bati ambalo babu alipimiwa posho kwenye kambi ya wafanyakazi. Ukingo wake umelika kwa kukwanguliwa. Ni kweli Union ilitoa unga, nyumba, shule na hospitali. Ndiyo maana watu walisema kampuni njo baba, njo mama, yaani ndiyo baba, ndiyo mama. Babu naye alisema hivyo, na simlaumu. Ila wakati wa vita vya pili vya dunia bei za vitu zilipanda na mshahara wa mtu mweusi haukutosha. Desemba 1941 wafanyakazi waligoma. Tarehe 9 walikusanyika kwenye uwanja wa mpira, askari wakawafyatulia risasi. Léonard Mpoyi, karani aliyewasemea wenzake, aliuawa hapo hapo pamoja na wengine wengi. Wakati huo Mwafrika hakuruhusiwa kuwa na chama cha wafanyakazi. Ruhusa ilitoka mwaka 1946.

Na wengi husema "Gécamines" iliwapiga risasi. Gécamines haikuwepo: serikali ilitaifisha mali ya Union mwaka 1967, na jina hilo likaja baadaye. Bomba refu la moshi na kile kilima cheusi cha mabaki ya tanuru vilianza na Union. Watu wa uwanja ule ni miongoni mwa waliokibeba kilima hicho, toroli kwa toroli.