Maandamano hayaombewi kibali: karatasi za kuandaa kabla hujaitwa gaidi

Wakulima wa tumbaku wa Urambo au Kaliua, mkoani Tabora, Tanzania, wakitaka kuandamana kudai malipo yao, swali la kwanza ni lilelile: "Kibali tunapata wapi?" Hamhitaji kibali. Kifungu cha 43 cha Sheria ya Jeshi la Polisi kinataka taarifa ya maandishi kwa mkuu wa polisi wa eneo, saa 48 kabla, ikitaja mahali, saa na madhumuni. Sharti la kibali lilikufa baada ya kesi aliyofungua mwanasiasa Mchungaji Mtikila mwaka 1993. Ukiandika "tunaomba kuruhusiwa", umejifunga mwenyewe, maana asiyejibiwa ombi lake hajaruhusiwa, ila aliyetoa taarifa na asipate zuio anaendelea.

Saa 48 ni kima cha chini tu. Mimi hushauri siku kumi, ili zuio likija mbaki na muda wa kukata rufaa kwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Peleka nakala mbili. Moja inabaki kituoni, ya pili irudi na muhuri, jina na cheo cha aliyepokea, tarehe na saa. Wakigoma kugonga muhuri, aliyeipeleka aandike papo hapo nani alikataa na saa ngapi, na shahidi asaini. Ambatanisha ramani ya njia na majina ya walinzi wa msafara. Sheria haidai hayo, lakini siku ya kesi ndiyo yanayoonyesha nia yenu ilikuwa nini.

Na nia ndiyo kiini cha mambo. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2002 kinasema kitendo kinachovuruga huduma, kikifanywa katika maandamano au mgomo, hakihesabiwi ugaidi, mradi hakikukusudia madhara makubwa mwilini, uharibifu mkubwa wa mali, kuhatarisha uhai wa mtu, au hatari kubwa kwa afya na usalama wa umma. Kukaa barabarani kunaweza kukuletea shtaka la mkusanyiko usio halali, na hilo lina dhamana. Ugaidi hauna, polisi wala mahakamani. Unafikishwa kwa hakimu mkazi, unaambiwa usijibu kitu kwa kuwa mahakama haina mamlaka, kisha kesi inatajwa na kutajwa, upelelezi "haujakamilika". Hata shtaka likija kufutwa, miezi ya mahabusu hairudi. Freeman Mbowe, wakati huo mwenyekiti wa chama cha upinzani CHADEMA, alikamatwa Julai 2021 kabla ya kongamano la Katiba Mpya pale Mwanza, kisha akashtakiwa kwa ugaidi. Mkurugenzi wa Mashtaka (DPP) aliondoa kesi Machi 2022.

Kwa hiyo angalieni ushahidi mnaoutengeneza wenyewe. Ujumbe wa WhatsApp kama "Jumatatu tunaiwasha Urambo" ni utani kijiweni, lakini ukisomwa mahakamani unageuka nia. Michango kwenye simu ya mtu mmoja huzaa shtaka la kufadhili ugaidi. Wekeni daftari la nani katoa, shilingi ngapi, na zimenunua nini: maji, mabango, nauli.

Mtu akikamatwa, mnaobaki nje andikeni saa. Polisi wana saa nne za kumhoji, na nyongeza isiyozidi nane ikifuata utaratibu. Ana haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Maelezo ya onyo, yaani yale mtuhumiwa anayoandikisha polisi baada ya kuonywa kwamba yanaweza kutumika dhidi yake, yakichukuliwa nje ya muda huo, au kwa kipigo, wakili apinge kabla hayajapokelewa kuwa kielelezo. Hapo kunafunguliwa kesi ndogo ndani ya kesi kubwa, ya kuamua kama maelezo hayo yapokelewe, na kumbukumbu yenu ya saa inapata kazi. Pingamizi linaloletwa baada ya kielelezo kupokelewa huwa limechelewa, na mawakili wachanga huliwa hapo mara nyingi.

Hati ya mashtaka ikisomwa, usihangaike kwanza na neno "ugaidi". Soma maelezo ya kosa. Je, yanataja kitendo gani, na kusudi gani la kigaidi? Kama yameeleza fujo tu, pingamizi liende Mahakama Kuu, iwe Tabora au Kigoma. Kwa Tabora si jambo geni: mwaka 2013 shtaka la ugaidi dhidi ya makada wa CHADEMA, lililotokana na shambulio la tindikali Igunga, liliondolewa na Mahakama Kuu palepale.