Yule nyoka wa bluu sio editi

Mwaka 2020 ile video ya nyoka wa bluu kajiviringisha kwenye waridi jekundu ilinifikia watsap sijui mara ngapi, na kila anayenitumia swali lake ni hilohilo, eti hii ni kompyuta? Jamani yupo. Kitaalamu anaitwa Trimeresurus insularis, vaipa, yaani nyoka wa jamii moja na kifutu, wa visiwa vya Indonesia na Timor, kuanzia Bali na Lombok, Komodo, Flores, mpaka Wetar. Kilichopangwa pale ni ua tu, maana kwao anakaa vichakani na juu ya miti, na usiku anatulia tuli kwenye tawi akisubiri chura, mjusi au panya ajilete.

Haya, rangi. Wengi wao ni wa kijani, Wetar kuna wa njano, Komodo ndo hawa wa bluu, na wote ni spishi moja. Hili jambo la kijani kugeuka bluu mimi nilifundishwa na ukukwi wetu wa hapahapa. Nilivyokuwa mgeni kazini nilihifadhi mmoja kwenye chupa ya spiriti, kijani kama jani bichi la mgomba, nikaja kumcheki baadaye nakuta bluu, nikajua tu kuna mtu kanibadilishia chupa. Kumbe nyoka wa kijani wa aina hii hana rangi ya kijani mwilini, ana seli za njano kwa juu, halafu chini yake seli zenye vifuwele vinavyorudisha mwanga wa bluu, vikikutana jicho lako linasoma kijani. Spiriti ikala ile njano, bluu ikabaki. Ndo maana nyoka wa kijani akitokea bluu, kitu cha kwanza naulizia ni njano yake imeenda wapi.

Ila mimi rangi hainishtui kama vile vishimo viwili, kimoja kila upande kati ya jicho na pua. Ndani kuna ngozi nyembamba sana yenye neva zinazonusa joto, kwa hiyo panya gizani kwake anawaka kama mkaa. Kifutu hana hivyo vishimo, wala nyoka yeyote wa porini Afrika nzima, kwa hiyo ukitumiwa picha ya huyu jamaa eti kaonekana Tanga, bisha tu bila wasiwasi.

Sumu yake inavuruga damu isigande, na mahali alipouma panavimba vibaya. Shida iko kwenye dawa: ile seramu ya kutengenezwa Indonesia imetokana na sumu za nyoka watatu, fira mmoja, kraiti mmoja (nyoka wa Asia wa jamii ya fira) na vaipa mwingine wa ardhini, huyu wetu hayumo. Kwenye vipimo vya maabara iliyomkabili vizuri ni ya Thailand, iliyotengenezwa kwa sumu ya ndugu yake wa kijani wa huko.