Jaketi la skii halikushonwa kwa mtu anayebeba mzigo

Jumamosi ya maonyesho ya utalii Arusha tulitoka Moshi alfajiri: mimi, Baba Neema, Neema mwenyewe na mdogo wangu Elia. Baba Neema alifuata ngoma na nyama choma. Mimi nilifuata kona moja tu, ya mavazi ya baridi, kwa sababu Elia alikuwa anaanza upagazi wa Mlima Kilimanjaro wiki inayofuata kwa njia ya Machame na hakuwa na jaketi. Kazi yangu ni kukarabati mavazi ya mlimani. Zipu zilizokatika, mishono iliyoachia, mifuko ya kulalia iliyotoboka, yote hupita kwenye cherehani yangu, na mwaka huu ni wa 14.

Banda lilijaa majaketi ya skii, yaani ya mchezo wa kuteleza kwenye theluji, kutoka Ulaya, mengine mapya, mengine yameshavaliwa msimu mmoja au miwili. Elia akashika moja la rangi ya chungwa, nene kama godoro, akalivaa papo hapo. Muuzaji akamwambia, "Hapo kaka umemaliza kazi. Hilo hata Uhuru unalala nalo." Bei laki moja na themanini.

Neema, ana miaka tisa, ndiye aliyeanza kulikagua. Akaona kimfuko kwenye mkono wa kushoto, juu kidogo ya kifundo cha mkono, karibu na kiganja. "Mama, hiki cha nini? Hata simu haiingii."

Ni cha kadi. Kwenye viwanja vya skii watu wengi hawapandi mlima kwa miguu. Mtu anakaa kwenye kiti kinachoning'inia kwenye waya, kinampeleka juu, kisha anateleza kushuka. Akifika kwenye geti la viti, mashine inaisoma kadi ikiwa humo humo mfukoni na geti linafunguka.

Kimfuko hicho kinaeleza jaketi zima. Limeshonwa kwa mtu anayepelekwa juu akiwa amekaa. Pale kwenye kiti upepo unampiga na mwili hautoi joto, kwa hiyo anahitaji pamba nene ya kujazia ndani. Anashuka, anapata joto kidogo, anakaa tena. Sasa mtazame mgumu wetu, maana wapagazi wa Kilimanjaro ndivyo wanavyoitana. Ana mzigo wa mgeni ambao kikomo chake ni kilo 20, pia ana begi lake mwenyewe, na siku ya kwanza anatoka geti la Machame kwenye mita 1,800 hivi hadi kambi iliyo karibu mita 3,000, ndani ya msitu wenye unyevu. Mwili wake ni jiko linalowaka. Ukimfunika pamba ile, anatota jasho. Kambini anatua mzigo, jua linazama, na lile jasho linageuka maji ya baridi yaliyomshika mgongoni.

Hili nimeliona kwa mikono yangu. Mwaka juzi kijana mmoja aliniletea jaketi la skii akasema, "Dada, linavuja, nipigie gundi kwenye mishono." Nikaligeuza ndani nje. Tepu za mishono, zile zinazoziba matundu ya sindano maji yasipite, zilikuwa nzima, hakuna hata moja iliyobanduka. Nikatandaza bega juu ya beseni, nikamimina maji kikombe kimoja, nikayaacha nusu saa. Chini kukavu. Lakini kitambaa cha ndani, mgongoni, kilikuwa na michirizi myeupe iliyokauka, umbo la mabega yake kabisa. Chumvi. Maji yale hayakutoka mawinguni, yalitoka kwake mwenyewe. Alikuwa ametetemeka usiku kucha kambini Barafu, juu ya mita 4,600, akiamini amenyeshewa. Nilipomwonyesha ile michirizi alikaa kimya kwa muda mrefu, na mimi sikulala vizuri siku ile, kwa kuwa najua ni wangapi wanavaa hivyo.

Kwa hiyo pale bandani nilianza na lebo. Majaketi mengi ya aina hii yana namba mbili, tuseme 10,000 na 10,000. Namba ya kwanza ni ya maji yanayoingia. Mrija wa maji husimamishwa juu ya kitambaa na urefu wake huongezwa hadi maji yapenye. 10,000 ni milimita, yaani nguzo ya maji ya mita 10. Namba ya pili ni ya mvuke unaotoka: gramu ngapi zinapita kwenye mita moja ya mraba ya kitambaa kwa saa 24. Muuzaji alitaja ya kwanza tu, na wauzaji wengi hufanya hivyo. Kwa mpagazi mimi huanza na ya pili, kisha natafuta zipu za kwapani. Hakuna kitambaa, hata kiwe cha bei gani, kinachotoa mvuke haraka kama zipu iliyo wazi.

Manyoya ya bata, yanayojazwa kwenye majaketi mengine badala ya pamba, nayasema kwa kifupi: makavu, hakuna kinachoyashinda kwa joto ukilinganisha na uzito wake. Yakilowa yanagandamana na joto linaondoka. Pamba ya polista ni nzito zaidi, ila ikilowa bado inakusaidia. Anayebeba mzigo msituni achukue polista.

Neema akapapasa tena, akagusa kitu kigumu chembamba kilichoshonewa ndani. Muuzaji akasema, "Hicho ndicho kinapandisha bei, mama. Ukipotea mlimani kinaongea na setilaiti." Hapo nilishindwa kunyamaza, maana mtu anaweza kufa akiamini maneno hayo. Kile ni kiakisi cha RECCO. Asili yake ni Sweden, baada ya Magnus Granhed kumpoteza rafiki yake kwenye poromoko la theluji huko Åre mwaka 1973. Hakina betri na hakitumi chochote. Mwokoaji akiwa na mtambo wake anatuma mawimbi ya redio, kile kipande kinayarudisha, naye anajua pa kuchimba. Bila mtu mwenye mtambo huo karibu, ni plastiki iliyoshonewa kwenye nguo. Nilimweleza kwa heshima, naye akasikiliza, akakiri kwamba na yeye aliambiwa hivyo na aliyemuuzia.

Nyuma ya meza palikuwa na picha kubwa ya mtu akiteleza kwenye theluji. Neema akauliza kama kuna aliyewahi kufanya hivyo kwenye mlima wetu. Wapo. Mwaka 1912 Walter Furtwängler na Siegfried König walipanda Kibo wakiwa na skii na kuzitumia kushuka. Mwaka ule barafu ya Kilimanjaro ilikuwa zaidi ya kilomita za mraba 11, na kufikia 2011 zilikuwa zimebaki chini ya 2. Baba Neema aliyekuwa amerudi na mishikaki aliposikia hivyo akaishusha sahani. Yeye amekulia Machame, mlima uko juu ya paa la kwao.

Lile la chungwa tulilirudisha. Kwenye rundo la chini nikapata jepesi la kijivu, halina pamba, lina zipu za kwapani. Kitambaa nilikijaribu kwa njia yangu ya siku zote: niliweka mdomo kwenye nguo nikapuliza kwa nguvu. Pumzi ikipita, upepo nao utapita. Haikupita. Neema naye akajaribu hadi mashavu yakajaa. Elfu sabini. Joto tulilinunua kando, soko la Memorial hapa Moshi: flisi mbili nyembamba, yaani sweta laini za polista, na koti la polista la kuvaa kambini tu, linalobebwa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri. Mpagazi asiye na uwezo wa kununua aende KPAP, mradi wa kusaidia wapagazi wa Kilimanjaro, hapa Moshi, wanaazimisha mavazi ya mlimani bure kwa wapagazi. Nawaomba msione haya kwenda.

Usiku wa kuamkia safari nilibandika tepu mpya begani, pasi ya moto mdogo, Neema akinishikia kitambaa. Nikamwambia Elia, "Getini uanze ukiwa unasikia baridi kidogo. Ukisimama pale ukiwa na joto, punguza nguo kabla hujajitwisha."

"Sawa dada."

Aliporudi, kabla hajamaliza chai, niligeuza lile jaketi ndani nje nikalipeleka dirishani kwenye mwanga. Mgongoni hapakuwa na michirizi. Zipu ya kwapa la kulia imeng'oka meno mawili kwa kufunguliwa mara nyingi. Naibadilisha kesho.