Shingo Inapouma: Maswali Kwanza, Picha Baadaye

Mgonjwa huingia kliniki shingo imekaza, akitaka kutazama nyuma hugeuka na mabega yote. Ombi lake la kwanza: "Daktari, nipige picha." Miongozo ya tiba ya shingo humtaka daktari aanze na maswali, kisha mikono. Picha huja ikihitajika.

Swali la kwanza: umeumia? Hapa Nairobi, mara nyingi hilo ni swali la bodaboda. Kwa majeruhi mwenye fahamu kamili hutumika kanuni iliyotolewa Kanada mwaka 2001. Aliyefikisha miaka 65, aliyeanguka kutoka urefu wa mita 1 au zaidi, aliyepata ajali nyingine ya hatari kama kurushwa nje ya gari, au anayehisi ganzi mikononi au miguuni, apigwe picha. Asiye na hayo, na ambaye ametembea tangu ajali au maumivu yalimwanza baadaye, aombwe ageuze shingo nyuzi 45 kila upande. Akiweza, picha haihitajiki.

Kama hakuumia, tunatafuta ugonjwa uliojificha. Homa, kichwa kuuma na kidevu kushindwa kugusa kifua ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo. Kukonda, jasho la usiku na maumivu yasiyotulia hata ukilala yatukumbushe saratani na kifua kikuu. Hapa mwongozo ulioandikwa ng'ambo usomwe kwa macho ya kwetu: kifua kikuu huweza kula pingili za mgongo bila mgonjwa kukohoa hata kidogo, hasa anayeishi na virusi vya Ukimwi.

Kinachotusikitisha zaidi ni ugwe mgongo, yaani uzi wa fahamu upitao ndani ya pingili, kubanwa, kwa sababu huanza kimya kimya na wengi husema ni uzee. Mtu anahangaika na vifungo vya shati, anakosea kubonyeza namba za M-Pesa, miguu inakuwa mizito na mwendo unayumba. Mwambie afumbe na kufumbua ngumi haraka iwezekanavyo kwa sekunde 10. Mwenye afya hufikisha mara 20 au zaidi. Akishindwa, apewe rufaa mapema, maana nguvu zikishapotea huenda zisirudi hata baada ya upasuaji.

Maumivu yakishuka mkononi, uliza ganzi iko kidole gani. Gumba huelekeza kwenye neva ya sita ya shingo, cha kati ya saba, kidogo ya nane. Wengi hupata nafuu bila kisu. Udhaifu wa mkono unaozidi ndio wa kukimbilia kwa mpasuaji.

Waliobaki, na ndio wengi, wana misuli na viungo vilivyokaza. Hawa picha huweza kuwadhuru. Diski (vitenganishi laini kati ya pingili) zilizochakaa huonekana hata kwa watu wasioumwa, lakini mgonjwa akisoma ripoti hiyo huogopa, huacha kugeuka, na shingo huzidi kukaza. Kola ya kushikilia shingo nayo isizoeleke.

Dawa ni mwendo. Keti wima, vuta kidevu nyuma bila kuinamisha kichwa, shikilia sekunde 5, rudia mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Kisha bana mabega nyuma vivyo hivyo. Mvuto mdogo si kitu. Maumivu yakishuka mkononi, acha. Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa wa ini, vidonge viwili vya parasetamoli vya miligramu 500 hutosha, visizidi 8 kwa saa 24. Ibuprofeni na diklofenaki ni hatari kwa mwenye vidonda vya tumbo, figo mbovu au mimba, hata kama duka la dawa linauza bila kuuliza.

Na kinyozi akimaliza kukunyoa, mkatalie kukuvunja shingo. Mzungusho wa ghafla huweza kuchana mshipa wa damu uendao kwenye ubongo. Kizunguzungu, ulimi mzito au maumivu mapya makali ya kichwa baada ya hapo ni dharura.

Usipopata nafuu kwa wiki 2, rudi ukapimwe upya. Zikipita 6, omba rufaa kwa mtaalamu wa fiziotherapia.